Kwa Komanda Bisimwa, Kuhusu Pipa la Kwanza

Komanda,

Nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nne nilianza kwa kujitetea. Ya kwanza niliilaumu mvua. Ya pili, majani yaliyolowa. Ya tatu niliwalaumu watu wa kiwanjani, na ya nne, Mungu anisamehe, nilikulaumu wewe. Hii ya tano naianzia pale nilipopaswa kuanzia: siku uliyokufa, ndege niliiendesha mimi. Wewe unajua. Mimi najua. Bukavu nzima inajua kitu kingine, na mimi ndiye niliyeiacha ijue hivyo kwa miezi saba.

Ni Jumapili mchana. Niko nyumbani kwa wazazi, Nyawera, katika chumba changu cha upande wa uani. Mama amekwenda kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, Papa anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake sebuleni, chini ya ile picha yangu nikiwa na sare. Nimewaomba mara mbili waitoe ukutani. Wanadhani ni huzuni. Mkono wangu uliovunjika umepona, ila unachoka haraka, kwa hiyo utaona mwandiko unavyoyumba. Ungecheka. Kila ulipofungua daftari la ndege ulisema, "Hii ni mwandiko ya docteur, haiko ya piloti," kisha unaandika upya mstari wangu kwa zile herufi zako kubwa za shule ya misioni.

Ulinizoeza kueleza kila jambo kana kwamba namweleza mke wako, Maman Espérance, ambaye hajawahi kukaa kiti cha mbele cha ndege. Ulisema rubani asiyeweza kumweleza mtu wa nyumbani kwake anachofanya huko juu, basi hata yeye mwenyewe hajui anachofanya. Kwa hiyo naandika hivyo, hata mambo unayoyajua kuliko mimi. Nataka siku moja yeye naye aweze kuisoma barua hii bila kumwuliza mtu.

Zile Jumamosi za kwenu Nguba. Wakati mwingine naona nilijifunza kuruka zaidi pale mezani kwenu kuliko uwanjani Kavumu. Unanikalisha kwenye kiti cha mbao, dirishani ziwa linaonekana lote, unanipa mwiko wa Maman Espérance mkono mmoja na kifuniko cha sufuria mkono wa pili. Mwiko ndio manette, mkono wa kuipa injini nguvu. Kifuniko ndicho volets, vile vipande vya nyuma ya bawa tunavyovishusha ili ndege ielee hata ikiwa na mwendo mdogo. Halafu unatangaza: mbuzi kwenye piste, ile njia ya kutulia ndege. Au: upepo wa nyuma. Au: uko juu mno. Nami nafanya remise de gaz, ambayo wewe uliiita tu "kurudia": kuacha kutua, kupanda tena, kuzunguka, kuja upya.

Nguvu yote kwanza. Kisha pua. Hapo ulinisimamisha kila mara, kwa sababu hapo ndipo wengi hufa. Ndege iliyopangwa kwa kutua, ukiipa nguvu yote ghafla, pua yake inapanda yenyewe na inakimbilia kushoto. Rubani mwenye hofu anadhani ndiyo anachotaka, kupanda, naye anavuta zaidi. Mwendo unaisha, bawa linalala. "Usivute," ulisema. "Ishike. Yenyewe inajua kupanda, ngojea ikubali." Mguu wa kulia ukandamize. Na volets kidogo kidogo, hatua moja, subiri, hatua nyingine, kwa sababu ukizipandisha zote kwa mara moja ndege inazama kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Redio mwisho kabisa. Hakuna mtu wa redio anayeweza kukushikilia hewani.

Nilipokosea ulisema, "Tena." Nilipopatia ulisema, "Tena." Maman Espérance alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Murudishe mwiko yangu, bugali inaungua." Tunakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na sombe ya majani ya mihogo, na bado unanitega katikati ya tonge: mbuzi kwenye piste. Nami naacha tonge nashika hewa. Mnacheka wote wawili.

Sasa mapipa.

Kile kiwanja cha msituni upande wa Shabunda kina mlango mmoja tu. Unaingia kutoka mtoni, na mwisho wake kuna kilima chenye miti. Wewe ndiye uliyeweka mapipa mawili matupu kando ya piste, ukayapaka chokaa kwa mikono yako, suruali ikaharibika na nyumbani ukagombezwa. Sheria ya pipa la kwanza: magurudumu yasipogusa ardhi kabla yake, unarudia, bila kujadili, bila kujipima kama leo utaweza. Sheria ya pipa la pili: ukishalipita ukiwa chini, hurudii tena hata iweje. Unabaki chini, unafunga breki, unazima injini, unaingia kwenye majani marefu polepole. Utavunja propela, utavunja bawa, utaandika ripoti ndefu. Lakini utaiandika mwenyewe.

Nilizijua, Komanda. Naandika hili ili mtu yeyote asije akasema sikufundishwa.

Unaikumbuka siku niliyorudia mara mbili. Ya kwanza kwa sababu ya mbuzi wa chifu, ya pili kwa sababu nilikuja juu mno. Mara ya tatu nilitua vizuri, kabla ya pipa, laini. Kiwanja kizima kilikuwa kimesimama kutazama, kama kawaida, maana ndege ndiyo sinema yao: wachimba dhahabu na beleshi zao, akina mama na magunia, watu wa kupima mzigo. Niliposhuka, mmoja akasema, "Mama Bado amefika." Wakacheka wote, na jina likashika pale pale. Unajua wanavyotoa majina kule, hawakawii, na ukishapewa hulivui. Kabla ya wiki kwisha vijana wa kupakia mizigo Kavumu nao waliniuliza asubuhi, "Mama Bado, leo utashuka ao bado?" Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nawaka. Nilikuwa mwanamke pekee katika kampuni ile, nilisomea ugenini kwa jasho la wazazi, nami nimekuwa kichekesho cha kiwanja cha nyasi.

Wewe ulilichukulia kwa urahisi. "Acha bakuite," ulisema. "Ile siku ulirudia mara mbili, nililala muzuri."

Hukujua lilivyoniuma, au ulijua ukaona litapita. Halikupita. Tulipokuwa tukirudi kutoka Kavumu ndani ya gari yako, kabla ya kufika Mudaka, nilikuambia neno ambalo nalijutia kuliko yote niliyowahi kukutamkia. Siku hiyo ulikuwa umeugusa usukani kidogo tu wakati natua, ukanisahihisha, na watu waliokuwa chini waliona ndege ikitikisika. Nikakuambia: Komanda, usininyang'anye ndege mbele ya watu. Nikasema na lingine. Nikasema wanaume hukuwafanyia hivyo.

Haikuwa kweli. Uliwafanyia wote. Uliendesha mpaka tukalipita soko lote la Mudaka, gari ikirukaruka kwenye mashimo, halafu ukasema kwa sauti ya chini, "Sawa, mutoto. Sitakushika mukono tena mbele ya batu. Lakini pipa ya kwanza itakuwa yako. Unasikia? Yako." Nikajibu nimesikia. Nilifurahi. Nilifika nyumbani nikiwa nimeshinda.

Siku kumi baadaye tulikuwa na chumvi, sabuni, na abiria wawili nyuma, yule mama mfanyabiashara na muuguzi anayerudi kazini. Wewe kushoto, mimi kulia, ndege yangu. Mvua ilikuwa imepita muda mfupi kabla yetu. Nilikuja juu, na upepo ulikuwa kidogo mgongoni. Ulisema mara moja, "Iko juu." Nikasema, "Nitaipata, Komanda." Hukurudia kusema. Mikono yako uliiweka juu ya magoti, niliiona, uliiweka pale makusudi ili nione unatimiza ahadi.

Pipa la kwanza lilipita chini ya bawa na magurudumu yakiwa hewani.

Nataka kusema kwa usahihi nilichokiwaza, kwa sababu wale waliochunguza ajali hawakuniuliza na hakuna fomu yenye nafasi ya kitu kama hicho. Sikuwaza upepo. Sikuwaza mwendo. Niliwaona watu wamesimama kwenye ukingo, nguo zao za rangi, na nikawaza: nikirudia, watasema Bado. Ndiyo hivyo tu. Mtu mzima, mwenye leseni, mwenye roho za watu wanne mkononi, nilikuwa nawaza kuchekwa.

Tuligusa tukiwa tumeshalipita pipa la pili, mbali kabisa. Majani yalikuwa yamelowa, breki zikawa kama hazipo. Hapo bado tungepona, wewe unajua. Tungeingia kwenye majani. Kilima kilikuwa kinakuja, nami nikafanya kile ulichonikataza kwa mwiko, kwa kifuniko, kwa mdomo, kila Jumamosi kwa mwaka mzima na zaidi. Nikasukuma manette mpaka mwisho. Nikavuta pua. Nikazipandisha volets zote kwa mpigo mmoja.

"Baki chini," ulisema. "Nsimire, baki chini." Hukupiga kelele. Ulisema kama mtu anayemwambia mwingine afunge mlango. Na tulikuwa tumeshaiacha ardhi. Tulining'inia. Kisha bawa la kushoto, upande wako, likaanza kulala, ndipo nilipohisi usukani unasukumwa mbele kutoka kwako, mikono yako, ukijaribu kuishusha pua niliyoipandisha. Sekunde mbili, labda tatu. Miti.

Abiria wote wawili wako hai. Yule mama anatembea kwa gongo, na biashara yake sokoni inasimamiwa na dada yake. Muuguzi amehamia Bukavu, hataki tena kupanda ndege. Mimi mkono na mbavu. Wewe walikutoa wachimbaji, wale wale waliokuwa wakicheka, na walikata upande wa ndege kwa panga zao, na mmoja alivua shati akakufunika. Nilikaa kwenye magunia ya chumvi nikawatazama. Hakuna aliyeniita jina lolote.

Sasa nifike kwenye lile jingine, ambalo ni baya zaidi, kwa sababu kule angani nilikosea kwa sekunde chache na hili nimelifanya kwa miezi.

Watu wa uchunguzi walikuja hospitalini, wapole, wakaniletea maji ya matunda. Wakauliza: ndege ilipogonga, nani alikuwa ameshika usukani? Nikasema, Komanda. Ni kweli, ulikuwa umeshika. Wakauliza: uamuzi wa kurudia ulitoka kwa nani? Nikafumba macho. Daktari akawaambia mgonjwa amechoka. Nikasikia kalamu inaandika. Ningeweza kuyafungua macho, Komanda, dawa haikuwa kali kiasi hicho. Niliyafumba mpaka wakatoka.

Wakaandika kwamba rubani mkuu, kwa umri wake, alichelewa kuamua na akajaribu kurudia wakati haiwezekani tena. Mji ukaipokea habari hiyo kama kitu kilichokuwa kinasubiriwa. Muzee alikuwa amechoka. Muzee angepumzika mapema. Kampuni ikawaachisha kazi wazee wawili waliobaki, wenzako, watu ambao hawajawahi hata kupasua gurudumu. Mmoja wao nilikutana naye Nyawera anauza kadi za simu kwa ajili ya mwanaye aliyekuwa ameenda kula. Akanipa pole. Akaushika mkono wangu huu huu mbovu, kwa mikono yake yote miwili.

Na kilio chako. Nilikuja na mkono shingoni. Walinipa nafasi karibu na familia, kama binti yenu. Maman Espérance alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, akaniuliza, sauti imekwisha kabisa, kama ulisema kitu mwishoni. Nikamwambia ulimtaja. Nikasema ulisema jina lake.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilitaka kumpa kitu. Hapana, hata hapa najitetea. Nilitaka asiulize zaidi. Alilichukua neno lile akalikumbatia, wanawake wakalipokea wakaliimbia, na Jumapili zilizofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba mumewe alikufa jina lake likiwa mdomoni. Nilikuwa benchi la nne. Niliitikia Amina pamoja na wengine.

Ningeendelea hivyo, nadhani. Ninajijua sasa, ningeendelea mpaka uzeeni. Kilichonizuia ni kijana anayeitwa Trésor. Ni rubani mpya, mwepesi, mzuri, anapenda miwani ya jua. Mwezi uliopita kampuni iliniita Kavumu kuniuliza kama niko tayari kurudi kazini, tena kwenye kiti chako, Trésor akiwa kulia kwangu, kwenye kiwanja kile kile. Nilikuwa nasubiri kwenye chumba cha marubani. Trésor alikuwa anawaonyesha wenzake kwenye simu video ya yeye akitua mahali fulani, mbali sana kwenye piste, mbali mno. Mmoja akamwambia, "Angalia, usifanye Bisimwa." Wakacheka. Trésor akasema, "Ile ilikuwa mikono ya muzee. Miye mikono yangu iko rapide."

Kufanya Bisimwa. Ndivyo wanavyosema sasa, Komanda, wakimaanisha kuchelewa kurudia. Niliogopa jina la Bado, jina la kuchekesha tu, jina la mtu aliyefika salama, nikakuvika wewe hili. Nilitoka nje nikakaa chini nyuma ya ghala la mizigo. Vijana wa kupakia waliniletea maji. Hawakuniita Mama Bado. Waliniita Maman Komanda, kwa heshima.

Lakini si jina peke yake. Trésor anaamini wanaokufa ni wazee, basi yeye hana cha kuogopa. Hajui kwamba mikono ya haraka ndiyo iliyokuua. Ni mikono ya haraka iliyozipandisha volets zote kwa mpigo mmoja. Uongo wangu umemfundisha somo, na siku moja atalitumia.

Ijumaa niliwapelekea watu wa uchunguzi karatasi nne nilizoziandika mwenyewe. Yule aliyeniletea maji ya matunda alizisoma zote nikiwa nimesimama, akavua miwani, akaniambia niache leseni mezani. Niliiacha. Akaniuliza kwa nini leo. Nikamtajia Trésor.

Jana nilikwenda Nguba.

Maman Espérance alifurahi kuniona. Alinikalisha kwenye kile kiti cha mbao, akaniwekea sahani ya bugali na sambaza kabla sijafungua mdomo, akaniambia nimekonda. Nikamwambia, Maman, nisikule kwanza. Nikamweleza. Nilimweleza kama ulivyonifundisha, kwa maneno ya nyumbani, mapipa, upepo, manette, volets, na yale maneno yangu ya njiani kabla ya Mudaka. Alisikiliza mikono imetulia juu ya meza. Nilipofika mwisho aliuliza kitu kimoja.

"Alinitaja?"

"Hapana, Maman."

"Alisema nini?"

"Alisema, Nsimire, baki chini."

Alitazama dirishani. Kulikuwa na mtumbwi wa injini unatoka kwenda kisiwani Idjwi, tuliusikia mpaka sauti ikaisha. Kisha akasema, pole pole, si kwangu hasa, "Na miye kanisani nilisema nini. Nilisimama mbele ya batu, nikasema nini."

Akainuka. Akaichukua sahani mbele yangu, haijaguswa, akaifunika, akairudisha jikoni. Komanda, kwenu sijawahi kuona mtu anaondolewa sahani. Hata yule askari aliyekuja kuwanyang'anya simu mwaka ule mlimlisha kwanza. Nilibaki nimekaa, sijui kama niinuke. Akarudi akasimama mlangoni, pale pale alipozoea kusimama kudai mwiko wake.

"Miye si piloti," akasema. "Kuniambia miye peke yangu ni sawa na kunyamaza. Uende ubaambie bale benye kuruka. Na hapa usirudi mpaka nikuite."

Nikatoka. Hakunisindikiza hadi kwenye geti.

Kwa hiyo kesho nakwenda Kavumu. Nimemwomba mkuu wa kampuni nusu saa na marubani wote, amekubali kwa shingo upande, anaogopa maneno ya mji. Nitasimama mbele ya Trésor na wenzake, na sitawaletea hotuba. Nitawaambia ndege ilikuwa yangu. Nitawaambia nilichokiwaza juu ya pipa la kwanza, kile cha kuchekwa, kwa sababu najua wao pia wana vyao: mmoja ana tajiri anayemsubiri chini, mwingine ana video. Nitawaambia uamuzi wa kurudia hufanywa asubuhi kwenye chai, mtu akiwa na akili zake, na kule juu unatekelezwa tu. Warudie hata siku isiyo na tatizo, mara moja kila wiki, ili mikono iache kuogopa. Na yeyote aliyemo ndani ya ndege akisema "rudia," hata kama ni mdogo, hata kama ni abiria, warudie kwanza, waulizane sababu wakiwa chini. Na nitaomba neno lile la kufanya Bisimwa lisitamkwe tena pale. Wakitaka jina la kuchelewa kurudia, langu lipo, waseme kufanya Nsimire.

Nitaleta mwiko. Najua watacheka. Nitawapa mmoja mmoja, nguvu, pua, volets kidogo kidogo, na nitasema "tena" mpaka wachoke. Na wale wazee wawili, nitawafuata kila mmoja nyumbani kwake, nikaseme ukweli mbele ya watoto wao.

Papa bado hajui. Namsikia anakohoa sebuleni. Nikimaliza ukurasa huu nitakwenda kukaa mbele yake, chini ya picha, na nitaitoa mwenyewe.

Kuna jambo moja nililotaka kukuomba, na zile barua nne nilizozianza nikazichana zote zilikuwa zikielekea huko. Nilikuwa nimeliandika tayari: nisamehe. Nimelifuta. Wewe umekufa, Komanda. Huwezi kuninyima. Naweza kukaa hapa nikajiambia umenisamehe, nikalala vizuri, na hakuna atakayenibishia. Huo ungekuwa uongo wa tatu, nami nimeshakusemea uongo mara mbili.

Nitamwomba Maman Espérance, anayeweza kukataa. Jana alikataa. Nakuahidi nitangoja aniite, mwaka mmoja, miaka kumi, na asiponiita, basi hilo ndilo jibu lake na sitakwenda kutafuta jingine kwako.

Pumzika, Komanda. Sitakuandikia tena mpaka aniite.

Mwanafunzi wako,
Nsimire